Shokapu za gari ya safari: anza na mizani

Mtu akiniuliza "kaka nifunge shokapu gani" kwenye 4x4 yake ya safari, mi namuuliza kwanza gari yako ikishapakia kila kitu ina kilo ngapi, na wengi hapo ndo wanakwama. Anajua rangi ya shokapu anayoitaka, anajua jamaa yake kafunga za kampuni fulani na anazisifia kila siku, anajua mpaka stika itakaa wapi kwenye kioo, ila uzito wa gari yake hajui. Na bila uzito mazungumzo yote ya shokapu ni ubishi wa kijiweni tu.

Nimeendesha gari ya safari muda mrefu, ile ya ekseli nzima mbele na nyuma, yaani tairi ya kushoto na ya kulia zimeungwa kwenye ekseli moja, koili springi pande zote, keria juu, tenti, tenki la maji, friji, bampa la chuma na winchi, na kwa muda wote huo shokapu zimenifundisha mengi kuliko hata injini. Injini ikiumwa inakwambia. Shokapu inakufa kimya kimya, na wewe unazoea kidogo kidogo mpaka unaona ndo gari ilivyo, siku unafunga mpya unashangaa kumbe usukani ulikuwa mzuri siku zote.

Kuna watu wanaamini shokapu ndo inabeba gari. Hapana, kinachobeba gari ni springi. Sasa springi ukiikandamiza ina tabia ya kurudi na kupitiliza, inapanda inashuka inapanda tena, na shokapu ipo pale kuikatisha huo mchezo. Ndani kuna rodi, mwisho wa rodi kuna pistoni, pistoni ina vitundu na vibati vyembamba vinavyofunga na kufungua, na oili inalazimishwa kupita humo kwa tabu. Ile tabu ndo inayoizuia springi. Na nguvu yote ile ya mtikisiko haiendi bure, inageuka joto, joto linaingia kwenye oili, oili inalipeleka kwenye bodi ya shokapu, upepo unalichukua. Ukishaelewa kwamba shokapu inakula mtikisiko na kutema joto, mengine mengi utayapanga mwenyewe kichwani, kwanini nene inadumu kuliko nyembamba, kwanini ya kiwandani inatosha kwa gari tupu halafu inachoka mapema ukishaweka mizigo ya kudumu, kwanini kupunguza upepo wa tairi kunaokoa shokapu.

Hilo la joto nililiona live. Tulikuwa kwenye ile barabara ya vumbi yenye vituta vidogo vidogo vilivyojipanga kama bati, gari imejaa, nyuma ikaanza kutembea pembeni, yaani ukikata usukani kidogo mkia unataka kwenda kwake. Tukasimama. Nilikuwa na mzee mmoja fundi wa siku nyingi, akachuchumaa kwenye kila tairi akawa anapitisha kiganja karibu na shokapu bila kuigusa, hasemi kitu. Mwisho akaniita, "Mwanangu njoo, usishike utaungua, sogeza tu mkono." Mbele kushoto, moto. Mbele kulia, moto. Nyuma kushoto ndo usiseme, joto unalisikia kabla hujafika. Nyuma kulia, vuguvugu, nikaishika kabisa na kiganja kikakaa.

"Sasa mbovu ipi?" akaniuliza. Nikamwambia mzee si hii inayochemka. Akacheka. "Inayochemka iko kazini. Hiyo uliyoishika ndo maiti."

Tukaingia chini kuangalia vizuri, kweli, rodi imelowa, oili imeshuka mpaka chini ya bodi na vumbi limegandia juu yake limekuwa tope jeusi. Hapa nieleze kitu, kaunyevu kadogo ka oili kwenye rodi ni kawaida, sili, ile raba inayozuia oili isitoke kwenye rodi, inatakiwa iache utando mwembamba ili isikauke, kwahiyo usije ukatupa shokapu nzima kwa sababu ya ukungu wa oili. Ukiona imelowa, inachuruzika, au ukipangusa kesho yake imelowa tena, hiyo imekwisha. Na ile ya kushoto ilikuwa imechemka zaidi ya zote kwa sababu ekseli nzima ya nyuma ilikuwa inaitegemea yenyewe, mwenzake hayupo. Ndo maana shokapu zinabadilishwa mbili mbili kwa ekseli, usibadilishe moja ukajifariji kwamba ile nyingine bado.

Siku hizi natembea na kile kipima joto cha kumulika, nikisimama kuchimba dawa naizunguka gari namulika zote nne. Namba yenyewe sio ishu sana, naangalia kulia na kushoto zinafanana? Zikipishana sana kuna mmoja anategea.

Ile njia ya kukandamiza boneti na kuangalia gari inadunda mara ngapi, kwa gari ndogo sawa, kwa gari nzito yenye springi ngumu haikwambii kitu, unaweza kuikalia na isisogee na shokapu zimekufa zote. Mi naamini zaidi tairi. Pitisha mkono juu ya tairi kwa kuzunguka, ukihisi mabonde na vilima, sehemu imelika sehemu haijalika, tairi ilikuwa inaruka ruka badala ya kukaa chini. Kusema ukweli inaweza ikawa balansi au beringi pia, ila shokapu ndo naangalia kwanza. Nyingine ni pua kuinama sana ukifunga breki na mkia kuendelea kucheza baada ya tuta kuisha.

Halafu kuna hali mbili watu wanazichanganya. Kuna shokapu iliyokufa na kuna shokapu iliyochoka kwa joto. Hii ya pili asubuhi gari inatembea vizuri, ikifika saa sita baada ya masaa ya mtikisiko inaanza kuyumba, mnasimama mnakula mnapumzika, mkiondoka iko fresh tena, baadae inarudia. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, na kwenye shokapu ambazo oili na gesi vinakaa chumba kimoja inachanganyika na gesi inatengeneza povu, pistoni inapita kwenye povu bila upinzani. Zikipoa povu linaisha, zinarudi. Hiyo gari shokapu zake hazijafa, ni ndogo kwa kazi, na ukienda kununua zingine za aina ile ile mpya kabisa utarudi pale pale. Nimeona watu wanafunga mpya kila baada ya muda mfupi na kulaumu kampuni, wakati tatizo ni oili ndogo kwenye kibodi chembamba na gari ina tani tatu.

Sasa mizani. Nenda kwenye mizani ya magari ukiwa umepakia kama unavyosafiri, mafuta full, maji full, watu ndani, vyakula, tenti, kila kitu, na upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Watu wanadharau vitu vidogo. Maji lita moja ni kilo moja, kwahiyo tenki la lita 60 ni kilo 60 na tenki lenyewe hujahesabu. Dizeli ni kama gramu 840 kwa lita, lita 80 ni kilo 67 hivi. Tenti la juu, betri ya pili, tairi la pili la spea, ukijumlisha unakuta nyuma umeongeza uzito wa watu wanne watano ambao hawashuki kamwe. Yangu nyuma ilizidi kama kilo 400 ukilinganisha na ikiwa tupu, na mbele bampa na winchi vilikuwa vimeongeza zaidi ya kilo 100. Ukiwa hapo angalia na kile kibati cha gari kinachosema uzito wa juu unaoruhusiwa, maana ukikuta umeshauvuka, shokapu na springi za dukani hazikupi ruhusa ya kuuvuka, punguza mizigo.

Gawanya huo uzito mara mbili, ule ambao upo siku zote na ule unaopanda na kushuka. Springi unachagua kwa uzito wa siku zote. Mtu anafunga springi za kubeba kilo 500 za ziada kwa sababu mara moja moja anabeba hivyo, siku zilizobaki gari tupu inamdundisha mpaka meno yanagongana, anasema shokapu mbaya. Shokapu mbaya wapi na wewe springi ndo umekosea.

Na hapa ndo naomba usinunue shokapu kabla hujajua springi. Hivi vitu ni ndugu. Shokapu inafanya kazi pande mbili, ikishuka na ikirudi, na kwa shokapu nyingi za magari haya upande wa kurudi ndo umewekwa mgumu zaidi, maana wakati wa kurudi inapambana na springi yote iliyokuwa imebanwa. Springi ikiwa ngumu kuliko uwezo wa shokapu, gari inaruka, tairi zinaacha barabara, ukiwa kwenye kona unasikia mkia umekuwa mwepesi. Hili watu wanalijua. Ambalo hawalijui ni kinyume chake. Springi laini ukiifungia shokapu yenye kurudi kugumu sana, kwenye vituta vya mfululizo tairi ikishabanwa juu haipati muda wa kushuka kabla ya kituta kinachofuata, inabanwa tena, inabanwa tena, gari inazidi kukaa chini mpaka inalala kwenye zile raba za stopa zinazozuia ekseli isigonge chesisi, na hapo inapiga kama haina springi kabisa. Dereva anasema hizi shokapu ni laini sana anataka ngumu zaidi! Muuzaji nae anamuuzia ngumu zaidi. Nilishawahi kuuziwa maneno hayo dukani, jamaa ananiambia bosi chukua hii ni hevi dyuti, nikamuuliza imetengenezwa kwa springi ya uzito gani, akaniambia bosi hii inaenda gari zote. Nikamshukuru nikaondoka. Muuzaji anayeuliza maswali kuhusu gari yako kabla hajataja bidhaa, huyo kaa nae.

Aina sasa. Nyingi ni za mirija miwili, mrija wa ndani pistoni inafanya kazi na wa nje unatunza oili na gesi kidogo ya naitrojeni yenye presha ndogo. Faida yake jiwe likigonga nje likabonyeza kidogo, ndani haijui. Hasara yake joto linachelewa kutoka kwa sababu lazima lipite mrija wa pili, na lile povu nililosema. Ndo maana kuna za foamu, ambapo kwenye ule mrija wa nje badala ya gesi kunawekwa foamu yenye vyumba vilivyofungwa, oili haina gesi ya kuchanganyika nayo. Hizi kwa safari ndefu za mwendo wa kawaida nazipenda sana, hazina makuu.

Za mrija mmoja gesi yake ina presha kubwa na imetengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea. Povu hakuna, joto linatoka haraka kwa sababu mrija wa kazi ndo huo huo unaopigwa na upepo, na majibu yake ni ya haraka, gari inakaa imetulia. Wauzaji wanaziita teknolojia mpya ila sio mpya, wazo lake ni la Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kampuni ya shokapu ya Bilstein walikuwa wanazifunga kwenye Mercedes-Benz tangu 1957. Udhaifu wake ni mmoja, ule mrija ukibonyea pistoni inakwama hapo hapo. Zenye tenki la pembeni na hozi, oili nyingi zaidi na joto dogo zaidi, nzuri kwa wanaokimbia, ila kwenye gari ya safari mi naona ni hozi moja zaidi ya kuchubuliwa na mawe na ni kitu cha kutafutia pa kufunga. Kama hukimbii kwenye mawe na michanga kwa kasi, hiyo hela bora ununue tairi nzuri.

Mimi mbele nimefunga za mrija mmoja na nyuma za foamu, nene. Sababu ni mawe. Tairi za mbele zinarusha mawe nyuma siku nzima, kachungulie shokapu za nyuma za gari yoyote ya safari utakuta rangi imeshaliwa upande wa mbele, chuma kinang'aa. Sitaki mrija mmoja ukae hapo bila kinga. Kuna watakaosema usichanganye, mi nasema kulia na kushoto ndo lazima zifanane, mbele na nyuma kila mmoja ana kazi yake.

Urefu ndo sehemu watu wanaharibu vitu vya hela. Kwanza kwa gari ya koili au springi za bapa shokapu ndefu hainyanyui gari, gari inanyanyuliwa na springi, shokapu inafuata tu. Pili usikubali kuambiwa "hii ni ya lifti ya inchi mbili", yaani ya gari iliyonyanyuliwa inchi mbili, ukaishia hapo, pima. Mi natoa springi kabisa, naipandisha ekseli na jaki mpaka inagusa ile raba ya stopa, napima toka kifungio cha juu mpaka cha chini, hapo shokapu ikijifunga mpaka mwisho wake inatakiwa iwe fupi kuliko hicho kipimo, na nabakiza sentimita mbili hivi kwa sababu raba yenyewe inabonyea ikipigwa. Isipokuwa fupi, kila shimo kubwa shokapu ndo inakuwa stopa, inapasuka ndani au inang'oa kifungio chake kwenye chesisi, na kuchomelea kifungio njiani sio raha. Halafu narudia upande mmoja juu mwingine chini, maana ekseli haipandi sawa siku zote. Baada ya hapo narudisha springi, nashusha ekseli taratibu huku naangalia hozi ya breki, waya wa ABS, na koili kama inataka kutoka kwenye kikombe chake. Hozi ikianza kukaza hapo ndo mwisho wa urefu, hata kama shokapu ndefu zaidi ipo dukani. Kwa wenye mbele ya kujitegemea, ambapo kila tairi inapanda na kushuka peke yake, waangalie pia pembe ya sivi jointi, ile jointi inayopeleka nguvu kwenye tairi, ikizidi kuinama inalika haraka.

Kufunga, vitu vichache tu. Usimruhusu fundi ashike rodi kwa plaizi ili izunguke au isizunguke, hata mkwaruzo mdogo kwenye ile kromu unakata sili na shokapu mpya inaanza kuvuja bado hujalipa deni lake. Rodi nyingi juu zina sehemu ya kushikia kwa spana, itumike hiyo. Zile za mirija miwili zenye gesi zikikaa dukani zimelala gesi inaingia upande wa oili, kwahiyo isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ikandamize na kuivuta mpaka mwisho, rudia mpaka usisikie tena ile sehemu inayopwaya, ndo uifunge. Na boliti zenye bushi za jicho, zile raba zilizogandishwa kwenye chuma, kaza ya mwisho ifanyike gari ikiwa imesimama kwa tairi zake chini. Ukikaza ekseli inaning'inia, gari ikishuka bushi inakaa imejisokota muda wote, haichukui muda inachanika. Zile za pini juu, zinazofungwa kwa ncha ya rodi na nati badala ya jicho, nazo zisikazwe kwa hasira mpaka raba inatoka nje ya washa, nimekuta nyingi zimekazwa hivyo, pini inakosa nafasi ya kucheza mwisho inakatika shingoni.

Ukishafunga, usitegemee shokapu ikufanyie kazi ya mguu wako. Kwenye vituta vile vya bati nashusha upepo wa tairi na nashusha mwendo pia, vyote viwili, kwa sababu tairi laini inameza vituta vidogo kabla havijafika kwenye shokapu, na tairi laini kwa mwendo mkubwa inachemka yenyewe. Gari yangu na uzito wake nakaa psi 26 mpaka 28, ya kwako itategemea mizigo na tairi ulizonazo. Ukirudi lami jaza. Nikizimulika shokapu baada ya hapo tofauti ya joto naiona wazi.

Baada ya siku ya kwanza ya barabara mbaya nazunguka na spana nakagua nati zote za shokapu mpya, raba mpya inajikalia kidogo na nati inabaki imelegea, unasikia kok kok kwenye vituta unadhani shokapu imekufa kumbe ni nati. Kwenye boksi la spea nabeba bushi za juu na chini, washa zake, nati, na shokapu moja ya nyuma. Ya mbele sibebi, urefu wake ni tofauti na haipigwi mawe kama ya nyuma, ila bushi za pini za mbele nabeba seti mbili, hizo ndo zinazoisha kabla ya kitu kingine chochote.